Kamera na maiki za kumfuata mwindaji kwa miguu, Bonde la Yaeda: picha ninazo, sauti sina

Mwendapori (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Mwezi uliopita nilikaa siku sita na Wahadzabe wa Bonde la Yaeda, upande wa Mbulu, nikirekodi filamu fupi ya uwindaji wa upinde. Sitaki ile video ya dakika tatu ambayo watu wanachezeshwa ngoma kisha wanaambiwa walenge gogo. Nataka mtazamaji atoke kambini na mwindaji mmoja giza bado lipo, atembee naye, arudi naye, windo liwepo au lisiwepo.

Siku ya nne ndiyo siku niliyoifuata. Mzee niliyekuwa naye alisimama chini ya mgunga akapiga mluzi wa kupanda na kushuka. Mlembe, yule ndege anayeongoza watu kwenye asali, akajibu kutoka mti wa mbele, ile sauti yake kama mtu anatikisa kiberiti. Tukaenda. Ndege anaruka mti hadi mti, mzee anaongea naye kwa mluzi na kwa maneno, mara anamsihi, mara kama anamkaripia. Dakika arobaini hivi mpaka kwenye mbuyu wenye nyuki. Picha zimetoka safi kabisa.

Nilipofika Arusha nikavaa hedifoni, nikaishiwa nguvu. Upepo umekula mluzi. Maiki ya kubana niliyomfungia mzee kwenye mkanda wa ngozi imerekodi ngozi ikisuguana na shanga, na kila akipita nyuma ya kichaka sauti inakatika. Kihadzabe kina vidoko, zile sauti za kupiga ulimi mdomoni, kama mnavyojua. Kila kidoko kimefuatwa na shimo: neno linaanza, kidoko kinapiga, halafu kimya kidogo, halafu sauti inapanda polepole. Mlembe hasikiki kabisa. Nimebaki na mzee anayetembea porini akifungua mdomo.

Nilibeba kilo 11: kamera ya fulufremu, lenzi mbili nzito, tripodi, maiki za wayalesi, maiki ndogo ya juu ya kamera bila manyoya, maji. Kufikia saa nne asubuhi nilikuwa naachwa. Watu hawa wanatembea kilomita 10 na zaidi kwa siku na hawapumziki kwa ajili ya mpiga picha.

Narudi mwezi wa tisa. Nauza lenzi moja na tripodi. Hela itatosha kubadilisha kitu kimoja kikubwa, kamera au sauti, kimoja tu. Naomba uzoefu wenu, hasa mliowahi kufuata windo kwa miguu.

Naomba kuwasilisha.

Jicho la Tai

Mkuu, hongera kwa safari. Mimi ni mtu wa picha, acha niongelee uzito.

Uza fulufremu yote. Kwa kazi ya kutembea, Sony A6700 ina gramu 493 pamoja na betri. Weka Sigma 18-50 ya f/2.8, gramu 290, na Sony 70-350, gramu 625. Jumla kilo 1.4, na kwa kihisi kile kidogo lenzi ya 350 inavuta kama ya 525 kwenye fulufremu. Unamfikia swala pala bila kumsogelea, na mwindaji hatalazimika kukusubiri. Kama bajeti imebana, tafuta Panasonic GH5 iliyotumika. Ni ya mwaka 2017, lakini utulivu wake wa mkononi bado ni mzuri sana na hairekodi kwa kikomo cha muda.

Tripodi achana nayo. Fimbo moja ya kusimamia kamera inatosha, nayo unaitumia kama mkongojo kwenye korongo.

Asubuhi mapema usiogope kufungua lenzi hadi f/2.8. Pale karibu na ikweta giza linaondoka haraka, ndani ya dakika 20 hivi umetoka kwenye kutoona mpaka kwenye mwanga wa kutosha. Rekodi 25 kwa sekunde, shata 1/50. Mshale ukitaka uonekane nenda 100 kwa sekunde, shata 1/200, na uwe umeamua kabla. Ukianza kutafuta menyu wakati upinde umevutwa, imekula kwako.

SautiKwanza

Mdogo wangu Mwendapori, pole. Nimefanya redio miaka mingi na sasa narekodi sauti za filamu. Nimesoma bandiko lako mara mbili na kila tatizo ulilolitaja ni la sauti, isipokuwa uzito. Kwa hiyo swali lako umeshalijibu mwenyewe.

Lile shimo baada ya kidoko. Maiki haijaharibika. Umeiacha kamera ijipimie kiwango cha sauti yenyewe. Kidoko ni sauti kali sana ya muda mfupi sana. Ulimi unabanduka kwenye kaakaa au kwenye meno, pigo linapita kabla hujapepesa. Kamera inashtuka, inashusha kiwango chini kabisa kujilinda, halafu inachukua muda kukipandisha tena. Irabu inayofuata kidoko inazama humo. Sasa fikiria lugha ambayo kidoko ni konsonanti kamili, yenye vidoko vya meno, vya ufizi na vya pembeni. Hukupoteza kelele. Umepoteza nusu ya maneno ya mzee.

Dawa yake ni mbili. Ya bei nafuu: zima huko kujipimia, weka kiwango kwa mkono, kidoko kikali kiguse kama desibeli 12 chini ya kilele, basi. Ya uhakika: rekoda ya biti 32 floti, kama Zoom F3, iliyotoka mwaka 2022. Haina hata kitufe cha kupandisha kiwango, unabonyeza rekodi tu. Mnong'ono na kelele vyote vinaingia, unavisawazisha nyumbani. Ila angalia hapa watu wanapodanganyika: biti 32 inalinda rekoda tu. Kama sauti imepasuka ndani ya maiki yenyewe, au imepasuka kwenye wayalesi kabla ya kufika kwenye rekoda, hakuna cha kuokoa.

Sasa wayalesi. Hizi ndogo nyingi zinatumia masafa ya gigahezi 2.4, na mawimbi hayo yanafyonzwa na maji. Mwili wa binadamu ni maji. Kichaka kibichi ni maji. Mzee akikupa mgongo, mwili wake uko kati ya kitumaji na kipokezi chako. Mita mia wanazoandika kwenye boksi ni za uwanja wazi, mtu akikutazama. Kwa hiyo usirushe sauti hewani kabisa. Mvishe mzee rekoda ndogo inayorekodi pale pale mwilini kwenye kadi yake, mfano Tascam DR-10L. Inarekodi nakala mbili, moja ya kiwango cha chini kwa ajili ya dharura, na hiyo ndiyo itakuokolea vidoko. Unaiwasha kambini, unaifunga vitufe, unaisahau mpaka jioni. Ukiachwa nyuma kilomita nzima, sauti bado unayo.

Kuhusu kuivaa: mtu asiye na shati huwezi kumbania maiki kifuani. Usiiweke kwenye shanga wala kwenye ngozi. Chukua utepe wa pamba, ushone kitanzi, maiki ikae usawa wa mfupa wa kifua ikitazama juu, imefunikwa kijimanyoya. Waya uache kitanzi kidogo kilicholegea chini ya maiki, mtikisiko ufie hapo. Mwombe yeye mwenyewe achague pa kuifunga, maana anajua mkono wake wa upinde unapita wapi.

Halafu mlembe. Kwa yeye unahitaji maiki ndefu, kama Sennheiser MKE 600, ndani ya kikapu na manyoya. Manyoya, mdogo wangu. Sponji lile jeusi linalokuja na maiki ni la ndani ya nyumba. Huko Yaeda na Ziwa Eyasi ni Bonde la Ufa, mchana upepo unateremka pale haukuombi ruhusa. Kata sauti za chini ya hezi 80, mluzi uko juu kabisa ya hapo, hutapoteza kitu.

Na huo mluzi usiuchukulie kama pambo. Mwaka 2023 jarida la Science lilitoa utafiti uliofanyika huko huko kwa Wahadzabe na kwa Wayao wa Niassa, Msumbiji. Walipiga rekodi za miito kwa spika porini. Milembe wa Tanzania waliitika mluzi wa Wahadzabe zaidi ya mara tatu kuliko mwito wa Wayao, na wa Niassa wakapendelea mwito wa Wayao. Ndege amejifunza lugha ya watu wa kwao. Filamu yako inahusu jambo hilo hasa, na umeirekodi kwa maiki isiyo na manyoya.

Mwendapori

Dada SautiKwanza, shikamoo. Nimesoma hadi mwisho nikarudia. Kweli kamera ilikuwa inajipimia. Miaka yote ya harusi na mikutano sikuwahi kuona tatizo, maana Kiswahili hakina vidoko.

Swali: nikirekodi sauti mwilini kwa mzee na picha kwenye kamera, nitazioanishaje? Siwezi kupiga makofi porini.

SautiKwanza

Marahaba. Fanya kambini kabla ya kuondoka. Washa zote, zisogeze pamoja, gonga kwa ukucha mara tatu kwenye mwili wa rekoda mbele ya kamera. Inatosha. Kamera nayo iache irekodi sauti yake mbovu, programu kama DaVinci Resolve itaoanisha mawimbi yenyewe. Saa za vifaa vya bei ndogo hupishana taratibu, kwa hiyo ndani ya siku rudia kugonga kila mnapokaa kunywa maji.

Na kila mahali mnaposimama rekodi dakika moja ya mahali penyewe, hakuna anayeongea. Utanishukuru kwenye kuhariri.

Mtoto wa Eyasi

Habari wakuu. Mimi nimezaliwa Mang'ola, si Mhadzabe ila nimekua nao na nimepeleka watu wa kamera kule mara nyingi. Vifaa mmeviongea vizuri. Niseme yale yanayoharibu windo.

Suruali ya nailoni. Inasema shwii shwii kila hatua, digidigi anaisikia mbali. Vaa pamba. Mkanda wa kunata kwenye mabegi ni adui, fungua kitu kimoja tu na pori zima limejua mpo. Weka vifungo au kamba. Kamera zima mlio wote, zima taa nyekundu ya kutafuta fokasi, punguza mwanga wa kioo. Dawa ya mbu yenye DEET usiguse nayo kamera, inalainisha plastiki na mpira mpaka inanata.

Droni: kwanza inahitaji kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga. Pili, kaka, mzee anaishi kwa masikio. Ukirusha ile kitu umemziba masikio yeye na umefukuza nyama aliyokuwa anaifuata. Hiyo nyama ni chakula cha watoto jioni ile. Mimi sipeleki mtu mwenye droni kwenye windo.

Vibali vya Bodi ya Filamu utakuwa unavijua, na serikali ya kijiji lazima upite. Lakini ridhaa ya wenyewe iombe kambini, watu wote wamekaa, wanawake wakiwemo, na useme video itaonekana wapi. Wahadzabe wa Yaeda walipata hati ya ardhi ya kimila mwaka 2011 baada ya kuhangaika sana, maana mashamba na mifugo vilikuwa vinawabana. Usiweke kwenye video alama za mahali walipo mbuyu wa asali na maji. Zima GPS ya kamera.

La mwisho. Usiku usio na mbalamwezi wanacheza epeme. Inachezwa gizani kabisa, ni ibada. Usitoe kamera, usitoe rekoda hata kama ni ndogo mfukoni. Ukiambiwa njoo ukae, kaa.

Mama Asali

Hamjambo nyote, niko Isiolo. Kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hiyo sina la windo, lakini nimewafuata wavuna asali Waborana. Wao humwita mlembe kwa mluzi uitwao fuulido, unapulizwa kwa ngumi zilizofumbatwa ama kwa ganda la konokono, na unasikika zaidi ya kilomita moja. Mara ya kwanza aliupuliza karibu na maiki yangu, ikapasuka yote. Ndugu Mwendapori, muulize mzee mapema atapigia wapi mluzi, nawe simama kando, si mbele ya mdomo wake.

Pia jua kwamba moshi wa kufukuza nyuki huingia kwenye lenzi. Beba kitambaa cha pamba, usipanguse na shati lenye jasho.

Mlima Baridi

Salaam kutoka Colorado. Nimefuata jamaa zangu wanaowinda elk, kulungu wakubwa wa huku, kwa upinde mwezi wa tisa, mita 3,000 na kitu juu ya usawa wa bahari, siku saba bila gari. Nakubaliana na dada, sauti kwanza. Dume la elk hulia kwa mlio mrefu wa juu unaokusimamisha nywele, na mtu asiyeusikia hataelewa kwa nini tumelala kwenye baridi ile.

Kwako baridi si shida ila umeme ni ule ule. Hesabu kabla: betri ya Sony NP-FZ100 ni wati-saa 16.4. Pawabenki ya mAh 20,000 ni wati-saa 74, ukitoa kinachopotea njiani inakujazia betri tatu hivi. Kwenye ndege iwe begi la mkononi, kikomo cha kawaida ni wati-saa 100. Kadi: 4K ya megabiti 100 kwa sekunde inakula GB 45 kwa saa, hivyo kadi ya GB 128 haifiki saa tatu. Usirekodi kila hatua. Mimi hurekodi mtu anaposimama, maana mwindaji akisimama kuna kitu amesikia.

Droni huku kutafutia mnyama ni kosa kisheria.

Jicho la Tai

Nimekubali hoja, ila nina wazo. Mlio wa ugwe, yaani kamba ya upinde, na mshale hautaupata porini, uko mbali sana. Kwa nini usimwombe mzee kambini arushe mishale mitano kwenye gogo, maiki ikiwa karibu, uutie kwenye picha?

Mtoto wa Eyasi

Hapana. Si ulisema hutaki video ya kulenga gogo?

SautiKwanza

Picha ya gogo hataitumia, ni sauti tu, na filamu karibu zote zinafanya hivyo. Lakini kwa filamu hii mimi ningeacha. Mzee amevaa rekoda kifuani, ugwe uko sentimita chache kutoka hapo. Mlio anaousikia yeye utaupata, na pumzi aliyoizuia kabla ya kuachia utaipata. Hicho kimya cha kabla ni bora kuliko mlio wowote wa gogo.

Mwendapori

Wakuu, nimeamua. Fulufremu naiuza lakini sinunui A6700 sasa, nachukua GH5 iliyotumika na lenzi mbili nyepesi. Hela iliyobaki yote sauti: rekoda mbili za mwilini, moja ya mzee na moja ya kijana anayefuatana naye, F3, maiki ndefu na manyoya yake. Fimbo badala ya tripodi. Betri nne, pawabenki mbili, kadi sita. Nimepima, kilo 5.2 bila maji. Gogo naliacha.

Nitaleta mrejesho.

Mwendapori

Mrejesho, kama nilivyoahidi. Nimerudi juzi.

Siku mbili za kwanza hakuna windo. Siku ya tatu mzee alipata pimbi kwenye mwamba, nami nilikuwa nyuma mita mia mbili hivi, nimezibwa na miti, picha sina. Sauti ninayo yote. Hatua zinapungua, zinakoma. Mzee anavuta pumzi moja kwa pua. Ugwe unalia mara moja, mkavu, halafu anasema neno fupi lenye kidoko katikati, na kidoko kimekaa mahali pake, irabu inafuata nzima. Hapo nitaweka picha ya miti tu, haina haja ya kingine.

Siku ya tano mlembe alikuja. Niliketi kando kama Mama Asali alivyoshauri, maiki ndefu ikielekea mtini. Jioni kambini nikamvisha mzee hedifoni. Alishtuka, akazishika kwa mikono miwili, akafumba macho. Aliposikia mluzi wake akacheka. Kisha akaninyooshea kidole nirudishe nyuma. Nikarudisha. Akasikiliza, akaniambia nirudishe tena.

Akavua, akamwambia kijana jambo kwa Kihadzabe, kijana akanitafsiria: kuna mlembe wa pili humo ndani, yuko mbali upande wa makorongo, na siku ile wao hawakumsikia kwa sababu ya upepo. Kesho asubuhi tunaanzia huko.

Nimesikiliza kipande hicho mara nyingi tangu nirudi. Kwenye sekunde ya kumi na nane, nikizima feni na kufunga dirisha, namsikia na mimi.